Dizeli Kwenye Altaneta ya Baba Mkwe

Sina kibao nje ya nyumba yangu. Ukija Msamala, hapa Songea, ukauliza nyumba ya fundi wa altaneta, utaonyeshwa geti la mabati lenye rangi ya bluu iliyobabuka, na ukiingia utanikuta kwenye baraza ya nyuma, kati ya jiko la mke wangu na banda la kuku. Meza yangu ni mlango wa zamani niliolaza juu ya matofali. Hapo nimefungua altaneta za magari ya mji huu kwa miaka kumi na saba, tangu gereji niliyokuwa nafanyia kazi ilipofungwa baada ya mwenyewe kufariki.

Nayasema haya mapema kwa sababu wapo watu wanaoamini kwamba kazi ikifanyika nyumbani si kazi. Fundi ni yuleyule, mikono ileile, spana zilezile. Akiwa kwenye yadi yenye mafuta machafu na makelele anaitwa mtaalamu. Akihamia barazani kwake anaitwa mtu wa kubahatisha. Hilo linanikera mpaka leo. Mama anayepika mandazi nyumbani hakuna anayemwambia kwamba mandazi yake ni ya kubahatisha. Wanakula, wanalamba vidole, na kesho wanarudi na bakuli.

Asiyejua altaneta nimweleze kwa kifupi. Ni kile chombo cha mviringo chenye puli mbele, kinachozungushwa na mkanda wa injini, nacho ndicho kinachochaji betri gari likitembea. Ikifa, gari halizimiki papo hapo. Linaendelea kula betri kimya kimya mpaka betri iishe, na hapo ndipo dereva anaposhangaa kana kwamba amerogwa. Ndani yake kuna waya wa shaba uliosukwa kwenye pete ya chuma, kuna beringi, na kuna kaboni mbili ndogo, kama vipande vya penseli, zinazosuguana na pete za shaba zinazozunguka. Kaboni zisipogusa vizuri, umeme hakuna, hata chombo chote kingekuwa kipya.

Wenye haraka hununua nyingine iliyotumika, bila kujua imetoka kwenye gari lililopatwa na nini. Mimi naisuka upya. Kwanza naweka alama kwa patasi kwenye nyumba yake ya aluminiamu, ili nikija kuifunga nisiipachike upande. Natoa beringi, naizungusha karibu na sikio. Nzima haisemi kitu. Natoa waya ulioungua, nahesabu mizunguko yake kabla sijautupa, kisha nasuka waya mpya kwa idadi hiyohiyo, na hapo mtu asinisemeshe. Nikimaliza napaka vanishi na kuikausha kwenye sufuria kuukuu yenye mchanga juu ya mkaa. Mke wangu analalamika kila mara kwamba harufu ya vanishi inaingia kwenye maharage. Inaingia kweli, lakini tumezoea.

Mwisho naifunga kwenye meza, naizungusha kwa mota ya pampu ya maji, na taa ya mbele ya gari niliyoitundika ukutani inawaka. Taa ikiwaka bila kupepesa, mwenye mali anaitwa.

Kabla hajaondoka namwambia jambo moja, na simwachi atoke getini mpaka alirudie mwenyewe: usiioshe. Usiimwagie maji ya pampu, na zaidi ya yote usiipulizie dizeli. Maana hapa kwetu kuna ugonjwa. Mtu akiwa na harusi, au anapokea mgeni, au Pasaka imekaribia, anaosha injini kwa sabuni, kisha anachukua dizeli kwenye chupa iliyotobolewa kifuniko, anaipulizia injini nzima ili ing'ae. Na inang'aa kweli, siku mbili. Siku ya tatu vumbi jekundu la Songea linaganda kwenye ile dizeli, na ile iliyopenya kwenye altaneta inachanganyika na unga wa kaboni, inakuwa uji mweusi. Kaboni inanata ndani ya nyumba yake, haishuki tena kugusa pete. Mtu ameua chombo chake kwa usafi, halafu anamtafuta mchawi.

Kila mteja nilimwambia hivyo, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja ni baba mkwe wangu.

Baba mkwe alikuwa dereva wa malori enzi ambazo kwenda Mbamba Bay ilikuwa safari ya kuaga ndugu. Amestaafu, anaishi mitaa mitatu kutoka kwangu, na ana pikapu ya petroli ambayo umri wake unakaribia wa mke wangu. Anaipenda kuliko anavyotupenda sisi, na simsingizii. Anayo tabia moja inayojulikana jumuiya yetu nzima ya kanisa, ambayo husali kila wiki nyumbani kwa mmoja wetu kwa zamu: Jumamosi asubuhi, tukimaliza sala na chai, atatafuta sababu ya kufungua boneti. Mara anaangalia maji, mara anaangalia oili. Anachotaka ni watu wapite waone injini inavyong'aa kama sufuria ya bibi harusi.

Mwaka ule, mwanzoni mwa Novemba, aliniletea altaneta ya pikapu hiyo. Niliisuka upya kwa siku tatu, na sijawahi kuifanyia altaneta nyingine kazi nzuri kama ile. Nilibadilisha beringi zote mbili ijapokuwa moja ilikuwa nzima. Alipokuja kuichukua nilimsalimia shikamoo, nikasimama pembeni mikono nyuma, kisha nikamfungulia geti bila kulitaja lile neno la dizeli.

Kwa jinsi nilivyolelewa, mkwe hapewi amri. Miaka ishirini na minne nimemwoa binti yake na sijawahi kumwambia yule mzee "usifanye." Nikiwa naye nakaa ukingoni mwa kiti. Akisema mvua itanyesha, nakubali, hata jua likiwa kali. Basi nitamwambiaje dereva wa malori asioshe injini yake? Nilimwambia mke wangu amwambie mama yake, mama yake amwambie mzee.

"Mama kasema umwambie mwenyewe, wewe ndiye fundi," mke wangu akanijibu kesho yake.

"Umemwambia ni muhimu?"

"Nimemwambia. Akasema basi kama ni muhimu, mwambie mwenyewe."

Sikumwambia.

Wiki tatu baadaye mjukuu wake alipata kipaimara Peramiho. Pikapu ndiyo iliyopewa kazi ya kubeba chakula: masufuria ya pilau, nyama, na ndoo za saladi, vyote vimefungwa kwa vitambaa. Mvua ilianza walipovuka nusu ya njia. Taa zikawashwa, waipa zikawashwa, feni ikawashwa kwa sababu kioo kilikuwa kinaingia ukungu, na vyote hivyo vikawa vinakula betri. Gari likazima mlimani. Likasukumwa, likagoma. Chakula kiliingia Peramiho saa tisa na nusu mchana, kikiwa kimebebwa na trekta la msamaria mwema, wakati wageni wameshakunywa soda na kuanza kuaga.

Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wanasubiri. Nilimwona mzee akishuka kwenye trekta na suti yake ya kijivu imetapakaa tope mpaka magotini, na nilimhurumia. Nakiri hilo, kwa sababu huruma yenyewe haikudumu.

Jumamosi iliyofuata tulisali kwa mwenyekiti wa jumuiya. Baada ya somo, maombi na matangazo, mwenyekiti akauliza kama ilivyo desturi, "Mengineyo?" Mengineyo ndiyo saa ya kusema kuku wa nani wanaharibu bustani ya nani. Baba mkwe akasimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nina ushauri tu. Mwenye gari alipeleke gereji. Vyombo vya gari si vya kutengenezewa jikoni."

Akakaa. Hakunitaja. Hakuwa na haja, watu ishirini na wawili waligeuka kunitazama, mke wangu akiwemo. Nilikuwa na kitabu cha nyimbo mkononi na nikaendelea kukisoma, nacho nilikuwa nimekishika juu chini.

Sijui kama msomaji anaelewa jambo hilo linamfanya nini fundi asiye na kibao. Mwenye duka akisemwa vibaya bado ana duka. Watu watapita, wataona bidhaa. Mimi nina jina tu. Jina likichafuka, kwenye meza yangu hakuna kinachobaki ila mlango wa zamani juu ya matofali. Na aliyelichafua ni mtu pekee mjini hapa ambaye siruhusiwi kumjibu.

Haikupita wiki nikaanza kuona. Dereva wa bajaji aliyesema ataniletea kazi Jumatatu hakuleta. Kisha akaja mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, mtu mpole mwenye kofia nyeupe, ambaye nilikuwa nimeanza kuisuka altaneta ya Fuso lake. Ulikuwa msimu wa korosho na lori lake lilikuwa limelala stendi. Aliitazama altaneta yake ikiwa vipande mezani, waya wa zamani pembeni, mpya nimeshausuka nusu.

"Fundi, usinifikirie vibaya," alisema. "Nimesikia maneno huko nilikofikia. Lisemwalo lipo."

"Umeiona kazi yangu. Unaionaje kwa macho yako?"

"Kazi naiona nzuri, wallahi. Lakini wanasema aliyesema ni baba mkwe wako mwenyewe. Mzazi hawezi kumzulia mwanawe."

Aliokota vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea, akaniombea kheri, akaondoka na waya wangu mpya ukining'inia nje ya mfuko kama utumbo wa kuku. Hakurudi tena. Nilisikia alinunua iliyotumika, na sijui ilimfikisha wapi.

Lisemwalo lipo. Nauchukia msemo huo. Yeyote aliyeutunga hakuwahi kusingiziwa.

Siku hiyohiyo aliyoondoka mtu wa korosho, mzee aliirudisha altaneta yake. Hakuja yeye, aliituma kwa bodaboda, imeviringishwa kwenye gazeti, na ujumbe kwamba nichukue chuma changu. Nilikaa nayo mezani bila kuigusa kwa hasira. Halafu nikaiinua, na kabla sijatoa nati hata moja pua ikanipa jibu. Ilikuwa inanuka dizeli.

Nikaifungua. Ndani ulikuwa ule uji mweusi ninaoujua, umejaa mpaka kwenye pete. Kaboni moja ilikuwa imenata juu kabisa, nikaisukuma kwa bisibisi na haikushuka. Waya wangu wa shaba haukuwa na doa. Beringi zangu hazikuwa na doa. Yule mzee alikuwa ameipulizia pikapu dizeli ing'ae kwa ajili ya kipaimara, tena kwa jinsi nilivyoona aliipulizia chupa nzima, kisha akasimama mbele ya watu wa Mungu na kusema mimi ndiye niliyeharibu.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mke wangu kwamba Jumamosi, saa ya mengineyo, nitasimama na altaneta hii mkononi nimpashe mzee ukweli wake mbele ya wote.

"Ukifanya hivyo utakuwa na haki," alisema, akichambua mchele bila kuniangalia. "Na mimi sitaweza tena kwenda kwetu."

Alisema mara moja tu. Hakulia wala hakubishana, na ndiyo maana ilinibidi nikae chini.

Kisha akasema, "Mshenga yupo hai."

Mshenga wetu ni fundi cherehani mzee anayekaa Mshangano, aliyepeleka barua ya posa yangu na kujadili mahari yangu hata jasho likamtoka. Wengi hudhani kazi ya mshenga huisha siku ya harusi. Kwetu, kati ya mkwe na mkwe, kuna maneno ambayo lazima yapitie kinywani mwake hadi mmoja afe. Nilimfuata kesho yake na altaneta ikiwa wazi kama ilivyo. Nikamweleza tangu beringi mpaka mfuko wa salfeti. Alinisikiliza mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

"Ulimwambia asipulizie dizeli?" akauliza.

"Nilimtuma mke wangu."

"Sikukuuliza ulimtuma nani, kijana. Ulimwambia?"

Nina miaka hamsini na mbili na aliniita kijana, na nilistahili. Nikamwambia hapana.

"Basi nitasema yote mawili," alisema. "Kosa lake na lako."

Nikamwambia kosa langu ni dogo. Akasema yeye hana mizani, ana cherehani. Akachukua kitenge kipya kilichokuwa kinasubiri kushonwa, akakitazama, akakirudisha, akachukua kipande cha khanga kuukuu, akaifunga altaneta ndani yake. Siku mbili baadaye alirudi nayo kwangu pamoja na mfuko wa mahindi mabichi.

"Kasemaje?"

"Amesikia."

"Amesikia halafu?"

"Ameinusa. Ameitazama muda mrefu. Amesema uifunge. Mahindi haya ni yangu mimi, usiyatolee macho."

Amesikia. Jina langu limeburuzwa kutoka Msamala mpaka Tunduru, na jibu ni amesikia. Hakuna samahani mkwe wangu, hakuna nilikosea. Niliiosha ile altaneta kwa petroli na brashi ya meno nikinung'unika hadi kuku wakahama. Niliweka kaboni mpya, nikaifunga kwenye alama yangu ya patasi, nikaijaribu, taa ikawaka bila kupepesa. Mshenga akaipeleka. Kitu pekee kilichonipa nguvu ya kuifunga ni kwamba chombo hakikuwa na kosa.

Jumamosi mbili zilipita na mzee hakutokea kwenye jumuiya. Ya tatu ilikuwa zamu ya nyumba yangu. Tangu alfajiri mke wangu alichemsha mihogo na chai ya tangawizi, na mimi nikaisogeza ile meza yangu ukutani, nikaifunika kitambaa cheupe, tukaweka msalaba juu yake. Altare ya jumuiya siku hiyo ilikuwa mlango wa zamani juu ya matofali, na nilijisikia vibaya na vizuri kwa wakati mmoja.

Tulisikia pikapu ikisimama nje ya geti wakati wa wimbo wa kwanza. Mzee akaingia, akavua kofia, akakaa kwenye benchi karibu na banda la kuku. Nilimwamkia kwa mbali. Tukasali. Mwenyekiti akafika kwenye mengineyo. Huyu aliyesema kwenye mengineyo, nikawaza, afute kwenye mengineyo, mahali palepale, kwa watu walewale.

Mzee akainuka. Akasema kwamba zamu ya kufagia kanisa mwezi ujao ni ya jumuiya yetu na watu wasichelewe. Akakaa.

Sidhani kama nimewahi kumkasirikia binadamu kiasi kile. Nilichukua birika, nikawa namimina chai kwenye vikombe kwa hasira hata ikamwagika kwenye visahani. Watu wakanywa, wakala mihogo, wakaanza kutoka. Nami nikatoka nao na birika langu, kwa sababu wengine walikuwa bado na vikombe mkononi.

Boneti ya pikapu ilikuwa wazi.

Injini ilikuwa chafu. Vumbi jekundu limeilalia kuanzia juu hadi chini, na matope ya mvua yamekauka pembeni. Altaneta pekee ndiyo ilikuwa na rangi yake, kwa sababu ilikuwa ngeni kwenye vumbi hilo. Mzee alikuwa amesimama kando yake amenyooka katika suti yake ya kijivu, na watu walipita wakatazama, wakapunguza mwendo, wakatazama tena. Katibu wa jumuiya, mama muuza vitunguu asiyeweza kupita jambo bila kuliuliza, akasimama.

"Baba, leo kulikoni? Injini mbona ina vumbi hivi?"

"Fundi wangu kakataza isioshwe," mzee akasema, kwa sauti ile aliyokuwa anaitumia kuwaita matingo wake enzi za malori.

"Fundi gani tena?"

"Yule wa jikoni."

Watu wote wakageuka kunitazama, walewale ishirini na wawili pengine. Mzee hakunitazama. Alikuwa anakiangalia kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu. Na hapo, katikati ya hasira yangu, nikatambua kwamba alikuwa amesema uongo kunisaidia. Sikuwa nimemkataza. Mshenga ndiye aliyemkataza, mimi nilikuwa nimesimama mikono nyuma. Nikasogea na birika, nikamjazia kikombe.

"Ndiyo, Baba, nimekataza," nikasema, na sauti yangu ilitoka vibaya, lakini ilitoka. "Usiipulizie dizeli. Na maji ya pampu pia, usiimwagie."

Mke wangu alikuwa amesimama getini na sinia la mihogo.

"Nimesikia, fundi," mzee akasema. Akanywa chai yake kidogo, kisha akashusha boneti kwa mkono mmoja.